Winchi Uani kwa Bi Kaltham

Wa kwanza kuyaona yale mabomba alisema Bi Kaltham anasimamisha mnara wa simu. Wa pili akasema mnara wapi, hiyo ni bembea ya wajukuu. Ilipofika alasiri kila nyumba hapo Samad Ash Shan, huku Omani, ilikuwa na kauli yake, na kila mwenye kauli anaapa kwamba kaona kwa macho yake, na hapana hata mmoja aliyepita mlangoni akamuuliza mwenyewe. Ndivyo watu walivyo. Habari ukiiuliza kwa mwenyewe inapungua utamu.

Mwenyewe alikuwa uani, kasimama juu ya kiti cha plastiki, kanga kajifunga kiunoni, anamshikia Marzouq bomba la chuma ili alichomee.

"Hapo hapo, khalti. Usitazame moto."

"Sitazami."

"Unatazama."

"Natazama mkono wangu, usije ukauunganisha na bomba nikabaki hapa mpaka Idi."

Marzouq akacheka mpaka kinyago cha kuchomelea kikamteremka puani. Huyu ana karakana yake ndogo ya mageti na vibanda vya magari. Kwao asili ni Wete, lakini Pemba yeye kaijua kwa picha za simu, na Kiswahili chake kina mashimo; pale neno linapokosekana anatia la Kiarabu, kama hilo khalti la kumwita mama mdogo, na safari inaendelea. Kaltham hakucheka. Maneno ya kuchekesha aliyasema kwa sababu mdomo wake umeyazoea, kama mkono ulivyozoea kufunga mlango ukitoka. Tangu Obaid alipokufa alikuwa hivyo. Obaid, mumewe, alikufa mwezi wa Rajabu, ghafla, kakaa na kikombe chake cha kahawa, na watu waliojaa nyumba hii siku zile walimsifu mjane kwa subira yake. "Kajikaza," walisema. Wala hakujikaza. Alikuwa kama ufizi uliopigwa sindano na daktari wa meno: unaugusa kwa ulimi, unajua upo, basi. Akakaa eda, akaimaliza, akatoka nje akakuta jua lipo na mitende ipo, na yeye mwenyewe bado hajarudi.

Mabomba yalitokana na simu ya Hazim. Hazim ndiye mwanawe wa pekee, yuko Maskati wizarani, na mgongo wake una pingili iliyoteleza ambayo anaitaja mara nyingi kuliko anavyowataja watoto wake. Alipiga mwezi wa Mfungo Tatu, wa Idi ya kuchinja, ukikaribia kuandama.

"Mama, mwaka huu Idi tufanye kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwangu, Maskati. Nyumba kubwa, kila chumba kina AC, hutashika hata mwiko."

"Na ng'ombe?"

"Tunaagiza machinjioni. Wanachinja, wanachuna, wanakuletea kwa mifuko. Hata sakafu hairowi."

"Ng'ombe kwa mifuko," alisema Kaltham.

"Sasa mama, nani atamnyanyua? Baba hayupo. Mimi mgongo huu daktari kanikataza hata mtungi wa gesi. Utawaomba waume za watu?"

Neno lile lilifika mahali. Hakulisikia likiuma, ila alijua lilipotua, kama mtu anavyojua kwamba kuna kitu kimeanguka chumba cha pili. Maana kila mwaka, tangu walipohamia hapa, Obaid alikuwa akienda soko la mifugo la Ibra kabla ya Idi, akarudi na fahali la kusifiwa, na asubuhi ya Idi baada ya sala ng'ombe akachinjwa papo hapo uani. Kisha wanaume wa mtaa wakaingia, wakashika kamba, wakamnyanyua kwa kelele mpaka juu ya boriti ya kibanda, wakamchuna, wakagawa mafungu, wakala ini la kukaanga wamesimama. Na wake zao wakafuata, na watoto wa wake zao, mpaka viatu pale getini vikawa havipitiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa Idi. Hayo mengine ni nguo mpya.

Na alikuwa kaona nyumba ambayo Idi yake imehama. Hiyo hapo mbele, ya kina Yaqoub. Walisema mwaka huu tu tunakwenda Maskati kwa watoto, mwakani tutakuwepo. Sasa geti limeota kutu, na katika majlisi, sebule ya wageni, walimokuwa wakigombania mito ya kuegemea, wamelala njiwa.

"Atanyanyuliwa," alisema Kaltham.

"Na nani?"

"Wewe njoo tu, na Jumana na watoto. Akishindikana kunyanyuliwa nafunga nyumba nakufuata, na ufunguo nakukabidhi mkononi. Sitosema neno."

"Umesema, mama?"

"Nimesema."

Akakata simu, akenda kusimama uani. Kile kibanda chenye boriti kilikuwa kimeangushwa na upepo wakati yeye yumo edani, na hapana aliyekisimamisha. Akatazama mahali kilipokuwa. Alingoja aone kama ataingiwa na hofu. Haikuja. Akampigia Marzouq.

Kapi, gurudumu la kupitishia kamba, Kaltham alilijua tangu utotoni. Baba yake alifanya kazi bandarini Malindi, Unguja, na alikuwa akimchukua binti yake akaone magunia ya karafuu yanavyopanda yenyewe, ati, na mtu mmoja mwembamba kashika ncha ya kamba. "Uzito hauondoki," baba alikuwa akimwambia, "unagawanywa tu." Marzouq yeye alikuwa na winchi ya mkono aliyoinunua Sur, iliyotolewa kwenye trela la boti la mvuvi, na waya wake wa chuma umo. Ilikuwa imekaa karakanani inakula vumbi.

Wakajenga. Miguu minne ya mabomba, miwili kila upande, imeegemeana kwa juu kama watu wanaosalimiana kwa kugusana pua; juu yake bomba nene limelala; katikati ya bomba kulabu, kwenye kulabu kapi, na kapi la pili linaning'inia chini ili waya upite mara mbili. Winchi ikachomelewa kwenye mguu mmoja, usawa wa kifua. Mara ya kwanza Marzouq aliichomelea ikiuelekea ukuta, mkono wa kuzungushia ukifika nusu unagonga tofali.

"Umetia winchi ya mtu asiye na kiwiko," alisema Kaltham.

"Wallahi khalti, ukuta sikuuona."

"Ukuta upo hapa tangu hujazaliwa."

Akaikata akaigeuza. Mara ya pili mguu mmoja ukadidimia mchangani, mtambo wote ukainama kama mlevi, wakachimba mashimo manne wakamwaga zege, wakangoja likauke. Mwisho Marzouq akatengeneza mtalimbo mfupi wenye mifuo miwili, pengo moja kila ncha, wa kupitisha nyuma ya kano za miguu ya nyuma ya ng'ombe, ili anapopanda miguu iachane na mchunaji apate nafasi. Kaltham akaupitisha mkononi, akazijaribu ncha zake kwa kidole. Kazi ilimkubali. Alikuwa akiamka anajua cha kufanya, na hilo lilitosha. Zaidi ya hapo hakujidai.

Ikabaki kujaribu. Na hapo ndipo alipoingia Mahbouba.

Mahbouba ni dada yake Obaid, wifi yake Kaltham, nyumba zao zinagusana ukuta. Mwanamke wa mwili na sauti. Hapana harusi Sharqiyah nzima ambayo yeye hajui sahani zake zilikuwa na nini, na kama wewe hukualikwa atakuambia na sababu. Siku hiyo alikuja na sahani ya vitumbua kama kisingizio, akasimama, akautazama mtambo juu mpaka chini.

"Kumbe bembea kweli!"

"Si bembea. Ya kunyanyulia ng'ombe."

"Wewe na huyu? Mtamnyanyua ng'ombe?"

"Mtu mmoja anatosha," alisema Marzouq. "Hata khalti peke yake."

"Hebu mwongo huyu. Nani kaona?"

"Panda wewe," alisema Kaltham.

"Mimi?"

"Si unataka kuona?"

Marzouq akageuka ukutani, mabega yanamtikisika. Mahbouba akatazama huku na huku kama kuna mume anachungulia, akampa Marzouq sahani ya vitumbua aishike, akakaa juu ya ubao waliokuwa wameufunga kwenye kapi la chini kwa ajili ya kujaribia, akashika waya kwa mikono miwili.

"Taratibu, Kaltham! Mimi sijanyanyuliwa tangu harusi yangu, na hata siku ile walishirikiana!"

Kaltham akazungusha. Mkono mmoja tu, mwingine kautia kiunoni. Tik, tik, tik, meno ya winchi yanahesabu, na Mahbouba akapanda, miguu yake ikaiacha ardhi, viatu vikadondoka kimoja kimoja, akapanda mpaka akaona ng'ambo ya ukuta wake mwenyewe.

"Yarabi! Napaona jikoni kwangu! Nani kaacha mlango wa friji wazi? Niteremshe! Niteremshe nikafunge friji!"

Marzouq alicheka mpaka akakaa chini na sahani yake. Na Kaltham naye alisikia sauti ya kicheko ikimtoka mdomoni. Akaisikiliza. Ilikuwa kama kicheko cha nyumba ya jirani. Akamteremsha wifi yake polepole, kile kijino cha kuzuia gurudumu kikakaza vizuri, hakikuteleza hata mara moja, akaridhika na hilo.

Sasa umwambie Mahbouba anyamaze! Kabla ya magharibi ujumbe wake wa sauti umeshafika Ibra, umeshafika Sur kwa shoga zake, umeshafika Nizwa kwa mtu ambaye hata Kaltham hamjui. "Kaninyanyua kwa mkono mmoja, jamani, mimi hivi nilivyo, kama anateka maji! Bi Kaltham sasa hana shida na mtu. Kajitosheleza. Ng'ombe, gunia, jabali, mlete. Hahitaji mwanamume wala mwana wa mwanamume." Aliusema kwa sifa. Kwa Mahbouba hapana sifa kubwa kuliko hiyo.

Siku ya Arafa Hazim akafika na mkewe Jumana na watoto, wakajaza vyumba viwili kwa mabegi. Kabla hajaingia ndani alikwenda kuutazama mtambo. Akautikisa. Haukutikisika.

"Mashallah. Kafanya nani?"

"Marzouq. Na mimi."

"Ukinyanyua, mama, sina neno."

"Huna."

Ng'ombe alikuwa keshaletwa kutoka Ibra, mwekundu, wa shingo nene, kafungwa nyuma ya mitende anatafuna. Kaltham akakesha jikoni na sufuria kubwa kuliko zote, ile ya kilio, akapika boko boko ya kulisha mtaa. Ngano na nyama akazipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Hapo angalau mkono na mwenye mkono walikuwa hali moja.

Asubuhi wanaume wakarudi kutoka kusali. Mzee Himid, ambaye kisu chake ndicho kisu cha mtaa, akaingia na wafanyakazi wake wawili, shikamoo, marahaba, Idi mubarak. Wakamlaza ng'ombe kuelekea kibla, akasema bismillahi, akachinja kwa mkupuo mmoja. Damu ikaenda kwenye shimo lake. Himid akangoja mpaka mnyama katulia, akafuta kisu, akautazama mtambo akatikisa kichwa kwa heshima.

"Nimesikia habari za mashine hiyo. Basi sitowapotezea wakati. Nina nyumba zinaningoja."

Akaenda na watu wake.

Kaltham akaupitisha mtalimbo nyuma ya kano mwenyewe, akaufunga. Hazim akashika winchi. Tik, tik, tik. Miguu ya nyuma ikanyanyuka, kisha mapaja, kisha mgongo ukaachana na ardhi, kichwa kikaburura kidogo kisha nacho kikaning'inia. Hazim alizungusha kwa mkono mmoja na mwingine kashika simu anapiga picha.

"Hata siusikii mgongo! Mama, hii ni kazi ya watu wawili, tena mmoja angekwenda kulala!"

Ng'ombe akasimama hewani, mzima, mzito, hatikisiki. Kaltham akamtazama. Ameshinda. Alijua kwamba ameshinda. Ufunguo unabaki mfukoni mwake. Akangoja furaha ije.

Kisha akageuza macho getini. Pale chini palikuwa na viatu vya Hazim na ndara zake yeye, na pembeni kandambili za plastiki za mmoja wa wajukuu.

Mwanzo alidhani bado mapema. Akaenda jikoni akaipunguzia moto boko boko. Akarudi. Nje mtaa ulikuwa umejaa sauti za Idi, zinapita. Gari la Saud, dereva wa gari la maji, mtu mwenye mabega ambaye kila mwaka ndiye aliyekuwa akishika kamba wa kwanza, lilipita likapiga honi ya salamu, likaenda zake. Hazim alikuwa keshaanza kuuchuna mguu kwa kufuata maelekezo ya video. Jumana alichungulia dirishani akauliza kama watakuja wageni au awavue watoto nguo za Idi wapumzike.

Akaingia Mahbouba kwa mlango wa nyuma, nguo inamerimeta, manukato yamemtangulia.

"Idi mubarak! Hee! Keshapanda! Sikuwaambia?"

"Watu wako wapi?" alisema Kaltham.

"Watu gani?"

"Watu. Saud. Wale wote. Mbona hawajaja?"

Mahbouba akamtazama kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Nani kawaita?"

"Wanaitwa?"

"Wifi yangu wewe! Miaka yote hii umekaa na kaka yangu hujui? Obaid kila siku ya Arafa, wakitoka kusali alasiri, alikuwa akisimama mlangoni mwa msikiti anawaambia, kesho ng'ombe wangu mzito. Basi. Neno moja. Hapo ndipo mtu anapokuja. Mwanamume haendi kwenye ng'ombe wa mwenziwe hajaitwa, Kaltham. Ataambiwa kafuata nyama."

Miaka yote Kaltham alikuwa jikoni wakati ule. Yeye aliwaona wakiingia tu. Alidhani wanakuja kama Idi yenyewe inavyokuja, kwa kuandama mwezi. Obaid hakuwahi kumwambia, na kwa nini amwambie? Mtu hamwelezi mkewe kwamba kapumua.

"Na mwaka huu," Mahbouba aliendelea, sauti imeanza kumpungua mwenyewe maana akili yake ilikuwa inafika mahali ambapo mdomo ulikwishapita, "mwaka huu tena una mashine. Kila mtu anajua una mashine."

"Kila mtu anajua," alisema Kaltham.

"Mimi nilikusifu, wallahi."

"Najua."

Akamtazama ng'ombe. Mtambo ulikuwa umefanya kila alichoutaka. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyechoka, na uani pamekaa kimya kama kwa kina Yaqoub, tofauti njiwa tu. Mwakani Hazim atasema, mama, kama ni sisi wenyewe, si tungekaa kwangu? Na hatokuwa na la kumjibu. Hilo aliliona wazi, bila ya kuuma, kama mtu anavyoona ufa kwenye kikombe.

"Hazim," alisema. "Mteremshe."

"Nani?"

"Ng'ombe. Mteremshe chini."

"Mama, nimeshachuna mguu mzima!"

"Tandika turubai, mteremshe."

"Kwa nini? Kumeharibika nini?"

"Winchi imekwama."

Hazim akautazama mkono wa winchi, akautazama uso wa mama yake. Uso ule tangu Rajabu ulikuwa hausomeki, na leo vilevile. "Haikukwama," alisema.

"Imekwama, mwanangu. Teremsha."

Hazim ni mtu wa wizarani. Anajua sauti ya amri isiyojadiliwa. Akatandika turubai. Akateremsha. Tik, tik, tik, ng'ombe mzima na mguu wake mmoja uliovuliwa akalala chini.

"Sasa wewe," Kaltham alimgeukia wifi yake. "Toa simu. Waambie winchi ya Bi Kaltham imekwama, ng'ombe yuko chini, na jua linapanda, na nyumba haina mwanamume ila Hazim na mgongo wake."

"Nikaseme uwongo siku ya Idi? Na nimetoka kusali?"

"Siku nyingine husemi?"

"Siku nyingine nasimulia!"

"Basi simulia."

Mahbouba akavuta pumzi. Na hapo ungempenda. Alikwenda kusimama katikati ya uwanja, akaiweka simu mbele ya midomo kama sahani ya asali, na sauti aliyoitoa ilikuwa ya mtu aliyeshuhudia meli inazama. "Jamani! Jamani nyie! Ile mashine imekwama! Ng'ombe kaanguka, yuko chini, nyama inaharibika, mjane kasimama peke yake kashika kiuno hana la kufanya, na Hazim mgongo umemkatika hapa hapa mbele ya macho yangu..."

"Haujakatika!" alipiga kelele Hazim.

"...mnamsikia anavyolia!"

Gari la maji ndilo lililotangulia kurudi. Saud aliteremka na kanzu ya Idi, kofia kichwani, na anavua saa huku anakuja. Nyuma yake wawili, nyuma yao watano, wengine wamebeba visu vyao, mmoja kaja na mkate mdomoni. Marzouq alifika anakimbia kwa miguu, uso umempauka, maana kazi ni yake na jina lake ndilo litakalobebwa mpaka Jalan. Viatu vikaanza kurundikana getini. Hakuna aliyesema tumesikia hamtuhitaji. Walisema Idi mubarak, walisema pole, walisema kuko wapi huko kulikokwama.

Marzouq akataka kuiwahi winchi, lakini Saud alikuwa keshaifikia. Akashika mkono wake, akauzungusha kidogo, kwa kidole tu. Winchi ikaenda laini kama siagi. Tik.

Saud akaurudisha mkono mahali pake, polepole. Akamtazama Kaltham. Kaltham naye akamtazama. Hakujitetea, hakuona haya, hakuona chochote. Alisimama tu mbele ya sufuria yake kama mtu anayengoja kuambiwa bei.

"Imekwama," alisema Saud.

"Imekwama wapi?" alisema Marzouq. "Nimesikia sasa hivi..."

"Ndani, kwenye meno. Hukusikia kitu wewe, umetoka mbio. Hii winchi ya boti, bwana. Ng'ombe si boti." Akaanza kukunja mikono ya kanzu. "Kamba iko wapi? Toeni huo waya, pitisheni kamba. Wewe shika huku. Wewe mwenye mkate, meza kwanza. Hazim, kaa hapo nyuma yangu, ushike tu, usivute, Mahbouba keshakuzika kwenye simu. Haya! Bismillahi!"

Wakavuta. Walimvuta kwa fujo zile zile, mmoja anasema juu, mwingine anasema ngoja, mwingine kakanyagwa anatukana kwa Kiarabu na kuomba msamaha kwa Kiswahili, na ng'ombe akapanda upande mmoja kwanza kisha wa pili, vibaya kabisa, kapinda, kuliko winchi ilivyompandisha. Hazim naye alivuta. Alikatazwa na akavuta, na alipoambiwa aache akasema kidogo tu. Wake zao walikuwa wameshaingia kwa mlango wa nyuma, Jumana anawavisha tena watoto nguo walizokwishavuliwa, na Mahbouba anamsimulia kila anayeingia jinsi waya ulivyolia kabla ya kukwama, pau, kama bunduki.

Kaltham alirudi jikoni akapakua boko boko. Aliitia samli juu, akaitia sukari pembeni kwa wanaoitaka, akatoa sahani nje, akarudi, akatoa nyingine. Alijikagua njiani, baina ya sahani na sahani, kama mtu anavyojipapasa mfuko. Furaha haikuwepo. Wala kilio hakikuwepo, ingawa alikuwa kapata mahali pazuri pa kukifanyia, nyuma ya mlango, ambapo Obaid alikuwa akitundika taulo lake. Alisimama pale kidogo, akavipa nafasi. Havikuja. Basi. Nyumba ilikuwa imejaa, na kama yeye hayumo ndani yake leo, imejaa hivyo hivyo, na itamngoja.

Uani mtu alipiga kelele: "Mama Hazim! Visu hivi kanoa nani, adui yako?"

"Na vitunguu vya ini!" alisema mwingine. "Huku tumeshakaribia ini!"

Kaltham akakivuta kikapu cha vitunguu kwa mguu, akainama akakinyanyua mwenyewe.

"Nakuja," alisema.